Samaki wa Upande wa Kushoto

Shangazi yangu alifanya kazi ya dobi hospitalini miaka thelathini na mmoja. Siku ya kustaafu walimzawadia saa ya ukutani na shuka mbili. Saa aliipokea. Shuka alizirudisha, akasema zimefuliwa vibaya.

Mtaani wanamwita Mama Povu, na jina halimchukizi. Kwake yeye dunia hii ina vitu vya aina mbili: vilivyofuliwa na vinavyosubiri kufuliwa. Ukiingia kwake na soksi zenye historia, utatoka pekupeku. Mimi nilipohamia pale, diploma ya maabara nikiwa nimeiacha katikati kama chai iliyoingia nzi, nilijiandaa kwa maswali mazito. Aliniuliza moja tu: hilo begi lina umri gani na limeona maji mara ngapi.

Mumewe ni fundi saa. Sote tunamwita Mzee, hata yeye mwenyewe anapojisema. Chumba chake cha kazi kilikuwa na upana wa kabati, na humo saa mia moja zilibishana kutwa nzima, yeye katikati na kibano chake, kimya. Maneno yake ni machache na yote yana pilipili. Ile saa ya kustaafu ya Shangazi aliifungua jioni ile ile, akaichungulia ndani, akasema hospitali imemdharau, akaitengeneza upya yote.

Kiharusi kilimkuta hapo hapo mezani. Alilazwa, akatoka, akarudi nyumbani anatembea kwa kujikokota lakini anaongea vizuri, na matusi yake yote yakiwa mahali pake. Tukasema kimepita, tumshukuru Mungu. Siku ya tatu ndipo tulipoanza kuangaliana.

Alikula nusu ya sahani, ile ya kulia, kisha akalalamika kwamba siku hizi anapunjwa. Shangazi akaizungusha sahani. Mzee akakitazama kile chakula kilichozuka, akasema, kumbe kipo na mlinificha. Alinyoa shavu moja. Alivaa kiatu kimoja, akasimama mlangoni na kuuliza tunangoja nini. Ukimwonyesha kosa, hakubishi wala haoni haya; anakutazama kama wewe ndiye mwenye matatizo.

Kliniki walimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mpole ambaye Mzee alimbatiza Binti Mazoezi. Akampa karatasi na kalamu, akamwomba achore uso wa saa. Mzee alicheka. "Binti, umempa samaki mtihani wa kuogelea." Akachora duara safi, hata bikari ingeona wivu. Kisha akapanga namba. Zote kumi na mbili alizipanga upande wa kulia, zimebanana kama watu waliogombea kivuli kimoja. Upande wa kushoto haukuwa na hata nukta. Akairudisha karatasi kwa madaha ya mtu aliyekula na saa miaka arobaini.

Shangazi aliitazama karatasi ile muda mrefu. Kwenye uso wa saa, upande wa kushoto ndiko inakokaa asubuhi: saa moja, saa mbili, saa tatu, mpaka saa tano. Njiani kurudi aliniambia kitu kimoja tu. "Mume wangu hana asubuhi."

Binti Mazoezi alikuwa ameeleza taratibu. Macho ya Mzee ni mazima. Ubongo ndio umesahau kwamba duniani kuna kushoto. Ukimgombeza hauwezi kukumbuka. Unataka kubembelezwa, uwekewe upande huo kitu cha kuuvuta. Tena mapema, kwa sababu kisichorudi miezi ya mwanzo huzidi kuwa kigumu kurudi. Kisiporudi, Mzee havuki barabara peke yake, na saa haigusi tena, maana hakuna saa ya upande mmoja.

Lakini Shangazi alikuwa na lake zaidi ya hayo. Tangu waoane, mezani na kitandani, yeye hukaa kushoto kwa mumewe. Sasa Mzee alikuwa anauliza, "Mama Povu yuko wapi?" na Mama Povu yuko pale pale, ameshika mkono wake. Nilimshauri ahamie kulia, yaishe. Alinitazama kama nimeleta doa.

"Nikihamia kulia," alisema, "kushoto nani atamngoja?"

Akahamishia televisheni kushoto. Mzee akaisikiliza kama redio. Akatundika picha ya harusi. Mzee akaoa ukuta wa kulia. Siku moja kliniki, kwenye foleni, palikuwa na tangi dogo la samaki, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa akawa anapita kutoka kulia kwenda kushoto. Kidevu cha Mzee kikamfuata. Kilisogea upana wa kidole, kikaishiwa nguvu katikati, kikarudi. Hakuna aliyeona isipokuwa mwanamke mmoja ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuona vidoa vidogo.

Wiki ile ile alikuwa dukani kwa muuza samaki wa mapambo, bwana mwembamba anayeitwa Mapezi kwa ajili ya masikio yake. Alitaka samaki wanaohangaika. Mapezi akampitisha kwanza kwa wale wapole, wanaoelea kama wameajiriwa serikalini, Shangazi akakataa. Mwisho akamfikisha kwa samaki wa maziwa yetu makubwa, wale wa miambani: wa njano kama kiini cha yai, wa buluu, wa buluu wenye mistari myeusi, kila mmoja anamkimbiza mwenzake.

"Hawa ni ndugu wa sato, mama," Mapezi alisema. "Ila ndugu waliokataa kuliwa, wakachagua mavazi. Wakorofi sana. Kila dume ana pango lake, na akipita mgeni ni vita."

Shangazi akasema hao ndio hasa, maana mumewe anapenda ugomvi, alimradi si wake.

Tangi lilikuja, la kioo, urefu wake mita moja na robo. Likawekwa juu ya meza ya chuma upande wa kushoto wa kiti cha Mzee, mbali na jua la dirishani. Kuanzia hapo Shangazi alikuwa katika ufalme wake. Mchanga aliuosha maji saba. Mapezi alipofika kufunga vyombo alichota kiganja kimoja, akasema mchanga huu unaweza kuandaliwa wageni. Mawe ya chokaa aliyasugua kwa brashi, moja moja, kama visigino vya watoto. Mapezi akaeleza kwamba mawe hayo si pambo tu. Maji ya ziwa ni magumu, na chokaa huyasaidia kubaki hivyo. Akayapanga juu ya sakafu ya kioo kwanza, mchanga ukafuata, kwa sababu samaki hawa huchimba, na jiwe likikalia mchanga siku moja litaangukia kioo. Akaacha mapango mengi, kila mgomvi apate pa kukimbilia. Akafunga kichujio chenye sponji nene ya buluu. Yakaja maji, ikaja dawa ya kuondoa klorini, pampu ikaanza kuguruma kwa sauti ndogo.

Kisha Mapezi akasema, haya, sasa tunasubiri wiki nne bila samaki, na kila siku mdondoshee chembe za chakula kidogo, zioze.

Shangazi alidhani anataniwa. Zioze wapi? Kwenye maji aliyoyaosha?

Hapo ndipo nilipomheshimu yule bwana, maana alitafuta lugha ya nyumba aliyomo. Alimwambia samaki wanakojoa humo humo wanamokunywa, na mkojo ule ni sumu. Kuna vijidudu wasioonekana wanaoila sumu hiyo. Vijidudu hao hukaa kwenye sponji, na huhamia polepole, ndiyo maana tunawapa chakula na muda. "Samaki ni wagonjwa wa wodini, mama. Hao vijidudu ndio dobi. Sponji itageuka kahawia, itakuwa na utelezi. Usiiguse mpaka nije."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Watu wenye presha huitikia hivyo hivyo daktari anapotaja chumvi.

Wiki nne Mzee alikaa karibu na tangi tupu. Alisikia pampu, akauliza ni nini, akaelezwa. "Mmeninunulia maji?" akasema, akaurudia ukuta wake.

Samaki walifika kumi na wawili kwenye mifuko. Mifuko ikaelea kwanza ili maji yazoeane, kisha wakaachiwa. Kufikia jioni walikwisha gawana ardhi kwa mabavu. Mmoja wa buluu mwenye mistari myeusi alitwaa pango la mwisho kabisa kushoto, akawa anasimama mlangoni na kumfukuza kila apitaye. Mimi na Shangazi tulimwita Mwenye Nyumba, lakini jikoni tu, kwa kunong'ona. Binti Mazoezi alikuwa ametukataza kumwambia Mzee kilicho kushoto. Asiambiwe, alisema, aone.

Ikawa desturi. Baada ya chai ya asubuhi Shangazi anasimama kushoto kwa tangi na kuuliza, "Wangapi?" Siku ya kwanza Mzee alisema watano. Samaki akivuka katikati kwenda kushoto, kwake yeye ni kama amefariki. Wiki ya pili walikuwa saba. Siku moja akasema tisa, na Shangazi akaenda jikoni akafua vitambaa vya sahani ambavyo vilikuwa vimekauka vikiwa safi. Kisha tukakwama. Saba, nane, saba. Nane, saba, saba. Mwezi ukaisha hivyo.

Asubuhi moja Mzee akaweka kikombe chini. Alisema yeye si mtoto wa chekechea, anayetaka hesabu ahesabu mwenyewe. Siku iliyofuata Shangazi aliuliza tena, hakujibiwa. Mzee alikaa pale pale kwenye kiti chake, lakini hakutoa namba, wala sisi hatukuweza kujua macho yake yanaishia wapi. Shangazi alipouliza mara ya tatu akaambiwa akawahesabu kuku wa jirani.

Yeye akiumia hafanyi kelele. Hufua. Alianza na mapazia, akaja vitambaa vya makochi, akanifulia na lile begi. Siku ya nne ya mgomo nilimkuta kwenye beseni ameinama, nikadhani ni soksi. Nikapita zangu. Hata mimi, niliyekaa mwaka mmoja na nusu darasani nikifundishwa habari za vijidudu, nilipita zangu.

Ilikuwa sponji. Alikuwa ameipita kila siku akiiona inageuka kahawia kupitia kioo, utelezi unaning'inia, na kila siku ameikunjia ngumi. Siku ile mkono ulimponyoka. Aliipa matibabu kamili ya wodi: dawa ya kung'arisha, maji ya moto, suuza mara tatu, kamua, jua. Ilirudi tangini buluu kama siku ya dukani, bila harufu hata kidogo. Alijisikia nafuu, aliniambia baadaye. Alilala vizuri.

Siku mbili maji yalikuwa maangavu kuliko wakati wowote. Asubuhi ya tatu nilisikia Shangazi ananiita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti isiyo na amri ndani yake. Samaki walikuwa juu, midomo nje, wanahema. Wanne walikuwa wamelala ubavu, wamekufa. Mmojawao alikuwa Mwenye Nyumba.

Alimpigia Mapezi simu. Nilisikia upande wake tu wa maongezi, na ulikuwa mfupi: ndiyo, nimeigusa; ndiyo, na dawa; ndiyo, najua uliniambia. Mapezi akasema anakuja na asimlishe yeyote. Shangazi akawachota wale wanne kwa chujio la chai, akawaweka kwenye bakuli, akafunika kwa aproni. Kabla hajafika jikoni, Mzee akaingia sebuleni na fimbo yake.

Akakaa. Shangazi akabaki pale pale alipo, kushoto kwa tangi, bakuli tumboni. Hakuuliza wangapi.

Mzee akanywa chai yake. Akautazama ukuta wa kulia, halafu tangi.

"Nane," akasema.

Siku sita za mgomo zikaishia hapo, na Shangazi hakufurahi. Nane ilikuwa ile ile nane ya mwezi mzima. Akaitikia kwa upole kama anavyomjibu mgonjwa, haya, Mzee wangu, nane.

"Wanne mmewapeleka wapi?"

Shangazi akasema labda wako kwenye mawe. Ni uongo wa pekee niliowahi kumsikia akisema, na aliusema vibaya.

"Yule wa mistari hajifichi," Mzee alisema. "Yule kutwa yuko mlangoni kwake, kule mwisho, anafukuza watu kama ana hatimiliki. Leo mlango uko wazi na wa njano anaingia na kutoka." Alikuwa amenyoosha kidole. Kidole kilikuwa kimevuka tangi lote, na shingo ilikuwa imekifuata, na macho yalikuwa yamefuata shingo, mpaka mwisho wa kioo, na pale mwisho wa kioo palikuwa na mkewe. Akamtazama kuanzia juu hadi chini, akakomea kwenye aproni. "Umebeba nini hapo?"

Hakuna aliyemwambia kuhusu pango la kushoto. Hakuna aliyetaja mistari. Zile siku sita alizotunyima namba, alikuwa anaona.

Shangazi akafunua bakuli. "Niliifua sponji," akasema, na machozi yakaanza bila kuomba ruhusa.

Mzee aliwatazama wale samaki wanne mmoja mmoja, yule wa mistari mara mbili.

"Kwa dawa?"

"Kwa dawa."

"Na ukasuuza mara tatu."

"Mara tatu."

"Hujawahi kufanya kazi nusu." Akanywa chai. "Sasa unalia nini? Aliyefiwa ni mimi. Hebu sogea kidogo, unaniziba wale wa kushoto."

Shangazi hakusogea. Alisimama pale, bakuli mkononi, analia na kucheka kwa zamu, na Mzee akawa anamwambia tena asogee, huku akimtazama usoni, kushoto kwake, mahali alipokuwa akingojwa muda wote ule. Mimi nilikwenda jikoni kutafuta kazi. Nyumba ile siku hiyo haikuwa na chombo kichafu hata kimoja, nikasimama tu mbele ya sinki.

Mapezi alifika na ndoo. Akapunguza maji nusu, akajaza mengine yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, akapima, akatikisa kichwa, akaahidi kurudi kesho kupunguza tena. Kisha akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kipande cha sponji kutoka tangi lake mwenyewe, kahawia iliyokolea, inachuruzika, inanuka kama mfereji. Shangazi alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa kichanga. Akakiweka kichujioni mwenyewe. Alinawa baadaye, lakini alinawa mara moja tu, nilihesabu.

Wa tano kufa aliondoka kesho yake. Aliyetupa habari ni Mzee. Wale saba walipona, na mapambano ya kugombea pango la Mwenye Nyumba yakaendelea wiki nzima, Mzee akiwa refa.

Sitaki kudanganya kwamba yamekwisha. Akichoka, kona ya kushoto ya sahani bado humponyoka, na mlango wa bafuni umeshampiga bega mara mbili. Chumba chake cha kazi kimefungwa hadi leo. Lakini mwezi uliopita Binti Mazoezi alimpa tena karatasi na kalamu. Duara lilikuwa safi kama kawaida yake. Namba zikaanza juu, zikashuka kulia, zikafika chini, na hapo Shangazi akashika kiti. Zikaendelea. Zikapanda kushoto, saa moja, saa mbili. Saa tatu na saa nne zilikaliana kama abiria wa kiti kimoja, lakini zilikuwapo, na saa tano ikapata nafasi yake. Binti Mazoezi akamuuliza fundi anaionaje kazi yake.

"Inachelewa," Mzee akasema. "Haijasimama."

Na kila mwisho wa mwezi, sponji hutolewa. Mapezi ameruhusu, kwa masharti. Shangazi huchota ndoo ya maji ya tangi lenyewe, yaliyotumika, ya rangi ya chai nyepesi, anaitumbukiza humo, bila sabuni, bila dawa, uso wake ameugeuzia dirishani. Anakamua mara moja. Anakamua mara ya pili. Mzee amekaa kulia kwake kwenye kiti, amegeuza shingo, anamlinda.

"Inatosha," anasema.

"Bado ina uchafu."

"Ndiyo. Irudishe."